Wanne, Chumba Kimoja, Miaka Miwili

Mwezi wa saba, Iringa, baridi haina mzaha. Mwaka ule tulikuwa tunakutana kila Jumanne saa kumi na moja jioni kwenye chumba cha uani nyumbani kwangu, Kihesa, jiko la mkaa katikati, mlango tumeuacha nusu wazi kwa sababu ya hewa ya mkaa. Kabla ya kupiga noti hata moja, robo saa nzima ilikuwa inaishia kwenye vigingi, vile vijiti vya kukazia nyuzi. Kiangazi kikikolea mbao hunywea, kigingi hulegea, na waya ulio mnene kuliko yote wa chelo, ile fidla kubwa inayobanwa kati ya magoti, hushuka wenyewe. Kijana wa chelo anaukaza, anasukuma kigingi ndani kwa kiganja, anasikiliza, anatikisa kichwa kwamba sawa. Akishika upinde tu, krrr, umeshuka tena.

"Mwalimu, huu waya una roho yake," ananiambia.

"Kaza taratibu. Ukikatika hatuna mwingine."

Na kweli hatukuwa na mwingine. Waya wa chelo huukuti Miomboni wala Soko Kuu. Unaagizwa, unasubiriwa, na ukifika unautunza kama dawa.

Tulikuwa wanne. Vayolini ya kwanza binti anayesomea uuguzi, vayolini ya pili mwalimu wa chekechea, chelo kijana aliyemaliza stashahada na bado anazungusha vyeti maofisini, na mimi mwalimu wa hesabu na wa kwaya, nimeshika viola, kubwa kidogo kuliko vayolini, niliyoachiwa na mmisionari mzee aliyenifundisha kabla hajarudi kwao. Vayolini mbili, viola moja, chelo moja: hiyo ndiyo kwateti ya nyuzi. Aliyekulia kwenye kwaya hahitaji maelezo zaidi, maana ni soprano, alto, teno na besi zilezile, ila hakuna maneno, hakuna mwalimu anayepunga mkono mbele, na kila sauti ina mtu mmoja tu. Mwenzako akiugua, sauti yake haipo.

Tulichokuwa tunakipigania miezi yote ile ni sehemu ya pili ya kwateti ya mtunzi Joseph Haydn inayoitwa ya Kaisari, maana muziki unaotungiwa watu wanne hao nao huitwa kwateti. Wimbo wake wengi mnaujua bila kujua kwamba mnaujua. Haydn aliutunga 1797 kumwombea Kaisari Franz, aliyetawala kutoka Vienna, baadaye ukaingia kwenye vitabu vya nyimbo za kanisa, na leo ndio wimbo wa taifa wa Ujerumani. Kwenye kwateti Haydn hauchezei wimbo wenyewe. Anaupitisha mkono kwa mkono. Kwanza anauimba vayolini wa kwanza, wenzake wakimshikia chini. Kisha anaupokea vayolini wa pili, na yule wa kwanza anamzunguka kwa vinoti vidogovidogo, wengine wawili kimya kabisa. Kisha chelo. Kisha viola. Mwisho unarudi kwa wa kwanza, na sasa unapanda juu.

Nimeimba teno tangu niko kidato cha pili na nimefundisha kwaya zaidi ya miaka kumi. Najua jinsi alto wanavyoishi: Jumapili hadi Jumapili wanashikilia noti mbili tatu za katikati ili soprano wang'ae. Kwa hiyo nilipoikuta karatasi ambayo kila mmoja anapewa wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa zamu, niliipenda kabla sijaisikia. Binti wa vayolini ya pili alipofika kwenye zamu yake mara ya kwanza aliacha kupiga katikati ya mstari.

"Mwalimu, hapa sina pa kujificha."

Ndivyo ilivyo. Tena kuna jambo la sauti yenyewe. Kwenye kinanda ukibonyeza mi, umepata mi, kazi imekwisha. Kwenye nyuzi hakuna alama ya kukuonyesha pa kuweka kidole, na mi inayokaa kati ya do na so inataka ishuke unywele mmoja chini ya ile ya kinanda ndipo mlio utulie. Ukitulia unaujua, maana mbao ya viola inakutetemesha taya. Usipotulia, kitu kinakuwashawasha na hujui ni nani kati yenu amekosea. Kuupata unywele huo kwenye vipimo vinane tu kulitugharimu jioni tatu. Jioni ya nne tulikuwa tumeupoteza, kwa sababu wiki nzima ilikuwa imepita katikati, na katika wiki hiyo mmoja alikuwa wodini usiku, mmoja alikuwa na watoto arobaini wa chekechea, na mimi nilikuwa nasahihisha mitihani.

Nikapiga hesabu, kazi yangu ndiyo hiyo. Jumanne moja ni saa mbili. Ukiondoa misiba, mitihani, mvua za masika na zamu za hospitali, kwa mwaka hatufikishi Jumanne thelathini. Saa sitini. Watu wanne wanaofanya mazoezi kwa saa nne kila siku ya kazi wanazimaliza saa hizo sitini ndani ya wiki tatu. Sisi mwaka wetu mzima ni wiki zao tatu, tena tumezikatakata vipande na kuzitawanya.

Ndipo nikaanza kuuliza: hao wenzetu saa nne kwa siku wanazitoa wapi? Wao hawali?

Jibu nililipata kwenye vyuo vikuu, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka 1940 kwateti moja kutoka Ubelgiji, Pro Arte, ilikuwa Madison, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, ikipiga kwateti za Beethoven. Tarehe 10 Mei, katikati ya ziara hiyo, majeshi ya Ujerumani yakaivamia Ubelgiji. Watu wana vyombo mikononi na hawana nchi ya kurudi. Chuo kikawaajiri, wakawa kwateti ya kwanza kupewa ukaazi, yaani makao na malipo ili wapige pamoja, kwenye chuo kikuu cha Marekani. Mpiga vayolini wao wa kwanza, Alphonse Onnou, alifariki mwaka huohuo, lakini kwateti haikufa naye. Watu waliingia na kutoka kizazi baada ya kizazi, chuo kikaendelea kulipa, na miaka ya 2011 na 2012 Pro Arte iliadhimisha miaka mia moja, ikiwa Madison bado.

Huwa nawaza ile wiki ya Mei. Mkuu fulani wa chuo alikuwa na mambo mengine mezani, lazima. Alikuwa na wanafunzi, bajeti, na vita vinavyokuja. Akaona bado kuna sababu ya kuwapa watu wanne wageni chumba na mshahara ili wakae pamoja wapige.

Baada ya hapo jambo lenyewe lilienea. Mwaka 1946 shule ya Juilliard, New York, iliunda kwateti yake yenyewe ya walimu. Uingereza, vijana wanne waliokutana chuoni London walikwenda Chuo Kikuu cha Keele mwaka 1967 kwa ufadhili, wakapata muda wa kujenga kwateti yao, na wakajiita Lindsay kwa jina la mwanzilishi wa chuo hicho. Walipiga hadi 2005. Takács, kwateti iliyoanzishwa Budapest mwaka 1975, ilihamia Boulder, Colorado, miaka ya themanini, na mpaka leo makao yake ni chuo kikuu cha pale.

Hao ni wakubwa. Kinachonigusa zaidi ni ngazi iliyowekwa chini yao kwa ajili ya vijana. Kwateti changa, yaani watu wanne waliotoka kumaliza shahada ambao tayari wanapiga pamoja, inaomba nafasi kama kundi. Mmoja mmoja haombi mtu. Wanapeleka rekodi, wanaitwa, wanapiga mbele ya walimu. Wakichukuliwa, kwa kawaida ni kwa miaka miwili hivi. Ada wanasamehewa, wanapewa posho, wanapewa chumba cha mazoezi, na kwateti kubwa ya chuo inawalea. Nao wana wajibu wao: kufundisha makundi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, kupiga kazi mpya za wanafunzi wanaosomea utunzi ili mtunzi asikie alichoandika, kwenda kwenye shule za mji, na kutoa maonyesho kadhaa kwa mwaka. Miaka ikiisha wanaondoka, wanakuja wengine. Chukua mfano wa Ivalas, kwateti iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2017. Kutoka hapo walikwenda Boulder kulelewa na Takács, kisha mwaka 2022 Juilliard ikawachukua kuwa kwateti yake changa ya ukaazi. Ukiihesabu njia hiyo, ni miaka na miaka ambayo mtu mwingine alilipa ili wao wanne wasitenganishwe na kodi ya nyumba.

Narudia hapo kwenye kodi ya nyumba, kwa sababu nilikuwa nimekosea. Nilikuwa naamini kwateti zinakufa kwa kukosa vipaji au kwa ugomvi. Ugomvi upo, tulishawahi kununiana wiki mbili kwa sababu ya mwendo wa kipimo kimoja. Lakini ugomvi unaisha kwa chai na kande. Kinachoua ni kwamba kila mmoja ana tumbo lake.

Sasa mtu ataniambia: Mwalimu, huko ni Boulder na New York, sisi tuko Iringa. Basi nimpeleke Jesup. Jesup ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Iowa, watu wasiofika 3,000, na ukitoka nje ya mji ni mahindi mpaka macho yachoke. Mwaka 1992 mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia sanaa ulianza kupeleka makundi ya muziki yakakae vijijini, na wa kwanza kwenda walikuwa Ying, ndugu wanne wa tumbo moja kutoka Chicago. Walihamia Jesup wakakaa miaka miwili. Walipiga shuleni, makanisani, kwenye mikusanyiko ya mji, sebuleni kwa watu. Mkulima aliyekutana nao dukani asubuhi aliwasikiliza jioni. Jesup haikuwa na chuo kikuu wala ukumbi wa kifahari. Ilikuwa na mahindi, kama Ismani, kama Mbozi, na ilikuwa na watu waliokubali kuwapokea. Kwateti ya Ying ipo mpaka leo, na kwa miaka mingi sasa makao yake ni Eastman, shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rochester.

Na nyuzi zenyewe si ngeni kwetu. Unguja wanaiita fidla, na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Hapa hapa Wahehe wana ligombo, waya mmoja unaopitishwa huku na huku juu ya ubao uliochongwa kama mtumbwi, na wapigaji wake waliimbia habari za Mkwawa. Nimemsikiliza mzee mmoja akipiga upande wa Kalenga. Alinipokea kwa "Kamwene!", akanikalisha, akapiga nusu saa bila kuniangalia. Nilipomuuliza nani anamrithi alinionyesha ukuta. Kwa hiyo ninapodai ukaazi siudai kwa ajili ya Haydn peke yake. Mzee yule akipewa chumba chuoni miaka miwili, na vijana wanne wa kukaa miguuni pake kila siku, nitakuwa wa kwanza kubeba viti.

Tulijaribu, tusije tukaambiwa hatukuomba. Chuo kimoja kilituita tupige kwenye mahafali. Tulipiga chini ya turubai, jenereta likiunguruma nyuma yetu, watu wakasimama wakapiga picha, wakafurahi kweli. Siku ya kulipwa nikawaambia: pesa kaeni nazo, tupeni chumba. Kuna darasa pale mwisho wa korido halina ratiba mchana, tupeni ufunguo saa mbili kwa siku, nasi Jumamosi tutawafundisha walimu wa kwaya bure. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Barua ikatoka ofisi hii ikaenda ile, nikaifuata mara sita, mara ya saba nikaambiwa chumba kinahitajika kwa semina. Nilipita pale miezi minne mfululizo nikichungulia dirishani. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, na vumbi lilikuwa limekaa juu ya viti.

Niliumia, na sitasema sikuumia. Aliyenijibu hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muda wa watu wanne kukaa pamoja ni kitu ambacho chuo kinaweza kukitoa, kama kinavyotoa maabara au kitanda cha hosteli.

Mwezi wa pili uliofuata kijana wa chelo akapata kibarua Tunduma, kwenye kampuni inayoshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Alikuja kuniaga usiku, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwalimu. Usinielewe vibaya."

"Marahaba. Nenda, baba. Mama yako anakutegemea."

Chelo ikabaki kwangu, kwenye pembe ya chumba cha uani, nimeifunika shuka. Wasichana waliendelea kuja Jumanne mbili tatu. Tukapiga watatu. Ulipofika ule mzunguko ambao wimbo ni wa chelo, sisi tulipiga sauti zetu za pembeni, na katikati hapakuwa na kitu. Hatukurudia tena.

Nilimfuata Tunduma wakati wa likizo, kumsalimia na kumpelekea upinde asisahau mkono. Njiani basi likasimama baada ya Mafinga kwenye misonobari ya Sao Hill, tairi limepasuka, nikashuka. Msonobari wa karibu na barabara ulikuwa umechanjwa, na utomvu mweupe ukitiririka taratibu kwenye chombo kilichofungwa kwenye shina. Unagemwa kama ulanzi unavyogemwa kwenye mwanzi. Sijui kwa nini sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili: rozini, kile kipande cha rangi ya asali tunachosugulia nywele za upinde ili zikamate waya, ni utomvu wa msonobari uliochemshwa mpaka tapentaini ikatoka. Kipande changu kilikuwa kimebaki saizi ya kidole gumba, na kilitoka ng'ambo. Hapa, mwendo wa saa moja na ushei kutoka chumbani kwetu, msitu mzima ulikuwa unadondoka. Niliokota donge lililoganda kwenye gome nikalitia mfukoni. Mfuko ule mpaka leo unanata.

Nikilala huwa naupanga ukaazi wetu kama mtu anavyopanga nyumba. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na Mkwawa. Mbeya kuna Teofilo Kisanji na cha Sayansi na Teknolojia. Chochote kati ya hivyo. Vyumba viwili vya hosteli, chakula cha kantini, chumba kimoja chenye kufuli na dirisha linalofungika, na posho ya kumtosha mtu kutuma kidogo kwa mama yake. Hilo la mama nisiliache, ndilo lililompeleka mwenzetu Tunduma. Mwalimu wa kuwalea anaweza kutoka Makumira, ambako muziki unasomwa kwa shahada, au chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au chuo cha muziki cha Zanzibar kilichoanza 2002, akae wiki mbili kila muhula. Asubuhi wanajifungia wanapiga. Mchana wanakwenda sekondari za kata. Jumamosi walimu wa kwaya wanakuja na daftari zao za solfa. Mara moja kwa mwezi wanapiga kule watu walipo, hospitali, sokoni, ukumbi wa kijiji. Baada ya miaka miwili wanaondoka, na wanne wengine wanapewa ufunguo. Sharti moja tu ningelisimamia kwa nguvu: waombe wakiwa wanne na wachukuliwe wakiwa wanne. Ukichagua wapigaji wanne wazuri mmoja mmoja, ukawafungia chumba kimoja, umepata wapigaji wanne wazuri tu.

Desemba iliyopita kijana wa chelo alikuja. Basi lilimshusha Igumbilo saa nne usiku, mvua inanyesha, nikampokea na mwavuli. Asubuhi wasichana wakafika, yule wa uuguzi ametoka zamu ya usiku macho mekundu. Tukafunua shuka. Masika au vuli, mbao hunywa maji, hivyo kigingi kilekile kilichokuwa kinateleza mwezi wa saba sasa kilikuwa kimevimba kwenye tundu lake, hakigeuki. Alikishika kwa mikono miwili, akaibana chelo kwa magoti, akazungusha. Kikalia. Waya ukapanda, ukakaa.

Tulipiga Kaisari mara moja tu, hatukusimama kurekebisha. Wa kwanza akaimba. Wa pili akaupokea, na safari hii hakutafuta pa kujificha. Ikafika zamu ya chelo. Mikono yake imekuwa migumu, noti ya tatu ilikwaruza, akaiacha ipite, akaendelea, na nilikuwa nasikia mvua juu ya bati na ule wimbo chini yake mzima, noti zote. Kisha akanitazama, kwa sababu aliyefuata ni mimi.

Aliondoka kesho yake na basi la alfajiri. Saa tano ujumbe ukaingia, yuko Makambako, wamesimama kula.

"Mwalimu, ile mi yangu ilikuwa juu?"

Nikamjibu: "Kidogo."

"Nitaishusha."